Je, Ni Dhambi Kupiga Foto za Sanamu za Vita?



Swali moja limeletwa mbele yetu sisi mashemasi na watu wa namna mbili, wazee na vijana, wala hawakulileta kwa nia moja. Je, mwamini anaweza kupiga foto za sanamu na majiwe ya ukumbusho wa vita, na foto za mahali ambapo watu waliuana, bila kujichafua? Wazee wengine wanasema hapana kabisa, kwa sababu amri imekataza sanamu. Vijana wanasema foto ni foto tu, haimpigi mtu wala haimli. Tuliahidi kujibu katika karatasi hii, nasi tumekawia, maana jibu la haraka lingeufurahisha upande mmoja na kuukasirisha wa pili, na wote wawili wangebaki na mawazo waliyokuja nayo.

Tuanze na neno lenyewe, kwa kuwa sehemu ya ugomvi imo ndani yake. Kiswahili chetu kimelibebesha neno "sanamu" mizigo mitatu. Mungu wa kuchongwa anayefukiziwa uvumba ni sanamu. Askari wa shaba aliyesimamishwa katikati ya mji ni sanamu. Na wazee wetu, mbele ya neno "foto" kuzoeleka, waliita sanamu hata karatasi ile inayoonyesha uso wa mtu. Basi mzee akisikia kwamba kijana amekwenda kuchukua sanamu ya sanamu, atashtuka mara mbili, hata kama kijana hakufanya ubaya wowote. Lakini tukumbuke kwamba Musa, ambaye mikono yake ilizibeba mbao za amri, ndiye aliyetengeneza nyoka wa shaba jangwani, tena kwa kuagizwa, ili watu waliokuwa wakifa wamtazame na kupona. Nyoka yule alikaa miaka mamia bila lawama. Baadaye watu walianza kumfukizia uvumba, ndipo mfalme Hezekia akamvunja vipande vipande. Shaba ilikuwa ile ile ya tangu Musa. Kwa hiyo hatuwezi kuhukumu jiwe kwa kulitazama jiwe peke yake, wala foto kwa kuitazama foto. Tutauliza watu wanaifanyia nini.

Na majiwe ya ukumbusho katika Biblia ni mengi, wala si ya tabia moja. Yoshua aliamuru mawe 12 yatolewe katikati ya Yordani, ili watoto watakaozaliwa baadaye wayaone na kuuliza. Sauli naye, alipokwisha kuwapiga Waamaleki, alijisimamishia ukumbusho wake mwenyewe kule Karmeli, akiwa bado ana kondoo za watu zikilia nyuma yake. Absalomu alijijengea nguzo angali hai, kwa kuwa hakuwa na mwana wa kulitaja jina lake. Yale mawe ya Yoshua yaliwekwa ili mtu aulize, na ule ukumbusho wa Sauli uliwekwa ili mtu asiulize. Tunawaomba muishike tofauti hii, maana tutaihitaji tutakapofika kwenye mambo ya kwetu.

Kwetu sasa. Anayetoka Lubumbashi kwenda Likasi, safari ya kilomita kama 120, huuvuka mto Lufira hapa penye sisi. Wengi wanaijua Kapolowe kwa samaki wa ziwa Tshangalele, wananunua, wanapanda gari, wanakwenda. Wachache wanajua kwamba mto huu ulikuwa mstari wa vita mara mbili.

Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga, jambo ambalo wazee wetu mpaka leo wanaliita sesesheni. Mwanzoni mwa Septemba 1961 ONU iliweka kikosi cha Waayalandi, watu kama 155, mjini Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Mkubwa wao aliitwa Pat Quinlan. Asubuhi ya tarehe 13 Septemba, wengi wao wakiwa katika Misa, walishambuliwa na majandarma wa Katanga pamoja na Wazungu wa kukodiwa. Walizingirwa siku tano, na ndege moja ya vita ikawapiga kutoka juu. Waokozi walitumwa kutoka Elisabethville, kwanza Waayalandi wenzao, kisha pamoja nao askari wa India. Mara mbili walizuiwa kwenye daraja la Lufira, na baadhi ya wale wa India wakafa. Tarehe 17 Septemba wale wa Jadotville waliishiwa maji na risasi, wakajisalimisha, wakafungwa, wakaachiliwa mwezi wa Oktoba. Mwayalandi hata mmoja hakuuawa Jadotville. Usiku ule ule wa tarehe 17 kuamkia 18, ndege ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa ONU, aliyekuwa akienda kuonana na Tshombe ili vita isimame, ilianguka karibu na Ndola. Waliokuwamo walikuwa 16. Kumi na tano walikufa pale, wa mwisho akafa hospitalini baada ya siku chache.

Vita ilirudi mwishoni mwa Desemba 1962. Safari hiyo majandarma waliharibu madaraja ya Lufira wao wenyewe ili njia ifungwe. Askari wa India wakavuka hata hivyo, na tarehe 3 Januari 1963 wakaingia Jadotville. Siku hiyo askari wa ONU walipiga risasi gari dogo la Mbelgiji mmoja, wanawake wawili waliokuwamo wakafa. Mpiga foto wa magazeti alikuwa karibu. Foto ya yule mwanaume akilia, damu usoni mwake, ilizunguka dunia nzima, na kuna watu wa Ulaya ambao hawajui Likasi iko wapi lakini uso ule wameuona. Kilio chake kilikuwa cha kweli, wala hatumwonei wivu. Tunasema tu kwamba katika vita vile vya Katanga walilia wengi, na aparei ilimwona yeye.

Je, majiwe ya vita hivyo yako wapi? Hapa ndipo jambo linapoanza kutuuma. Waayalandi wa Jadotville waliporudi kwao walionewa haya miaka mingi kwa sababu walijisalimisha. Quinlan alikufa mwaka 1997, heshima yake ilikuwa haijarudishwa. Mwaka 2005 wakawekewa jiwe la ukumbusho katika kambi ya Custume, mji wa Athlone. Mwaka 2016 ikatoka sinema juu yao, nayo ilipigwa Afrika Kusini, si hapa. Mwaka 2017 waliobaki hai na familia za waliokufa wakapewa medali. Hammarskjöld ana ukumbusho wake pale ndege ilipoangukia, na wafanyabiashara wetu wanaopitia Kasumbalesa kwenda Ndola wanaweza kuuona wakipenda. Kule Niemba, kaskazini ya Katanga, tarehe 8 Novemba 1960, Waayalandi 9 waliuawa na Baluba, na hao 9 wanakumbukwa kila mwaka katika mji wao mkubwa wa Dublin, kwa majina. Baluba waliokufa siku ile hutajwa kwa hesabu tu, kama 25.

Na majandarma waliokufa kwa ajili ya Jadotville? Vitabu hutaja mamia, wengine husema 300. Mamia ya nani? Walikuwa na mama. Wengine wao walikuwa watoto wa vijiji hivi hivi vyetu, wa Lufira na wa Kambove na wa Bunkeya, walioitwa wakapewa bunduki na buti. Na wanakijiji ambao hawakuwa na bunduki wala buti, waliokimbilia majanini risasi zilipopita, nao wasiorudi? Mgeni akija kwetu na aparei yake kutafuta uwanja wa vita, tunachoweza kumwonyesha ni daraja na maji yanayopita. Tena madaraja ya wakati ule yaliharibiwa, kama tulivyosema. Anapiga foto, anaridhika, anarudi kwao.

Jambo hili si la Katanga peke yake. Dar es Salaam, katikati ya mji, kuna askari wa shaba aliyeshika bunduki, aliyesimamishwa na Waingereza mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika wa vita ya 1914 hadi 1918. Nairobi na Mombasa zina za kwao. Pale Dar es Salaam kabla yake ilisimama sanamu ya Mjerumani, Hermann von Wissmann, na Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliiondoa. Ikapelekwa Ujerumani, ikasimamishwa tena Hamburg, hata wanafunzi wakaiangusha mwaka 1968. Mtu apigaye foto ya yule askari wa Dar es Salaam anapata askari mmoja mzuri asiye na jina. Wachukuzi waliobeba unga na risasi vichwani, wakafa kwa kuhara na malaria kuliko kwa risasi, wanatajwa kwa jumla katika maandishi ya chini. Mwaka 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilikiri yenyewe kwamba watu wasiopungua 116,000 wa vita ile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, na huenda hata 350,000, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Ilichukua miaka mia kukiri.

Basi jibu letu la kwanza kwa vijana ni hili. Mnaposema foto ni foto tu, hamjatazama vizuri. Jiwe husema alichotaka aliyelilipia. Wewe ukilipiga foto na kuisambaza, unasema neno lake mara ya pili, kwa sauti yako. Hilo si dhambi, lakini ni neno, na kila mtu hutoa hesabu ya maneno yake.

Wala aparei si shahidi mnyofu kama inavyodhaniwa. Katika vita ya Wamarekani wao kwa wao, baada ya mapigano ya Gettysburg ya Julai 1863, mpiga foto Alexander Gardner na watu wake walimkuta askari aliyekufa, wakampiga foto, kisha wakaibeba maiti ile mpaka penye mawe mazuri, wakaweka bunduki karibu yake, wakampiga foto tena kama mtu mwingine aliyefia pale. Zaidi ya miaka mia watu waliiamini. Uwanja ule leo una majiwe na sanamu za ukumbusho zaidi ya 1,300, na wageni hawaishi kuzipiga foto. Maiti yule hakuwa na uwezo wa kusema, mimi sikufia hapa.

Lakini wazee wetu wasifurahi upesi. Inchi yetu wenyewe inalo jibu dhidi yao. Mwaka 1904, wakati wa mfalme Leopold na taabu ya mpira, mwanamke mmoja mmisionari, Alice Seeley Harris, alikuwa kule Baringa upande wa Ekwateri. Akaja mtu mmoja, Nsala, akiwa na mzigo mdogo wa majani. Ndani yake ulikuwamo mkono na mguu wa binti yake Boali, mtoto mdogo, vilivyobaki baada ya walinzi wa kampuni ya mpira kumuua. Mama Harris alimketisha barazani akampiga foto akivitazama vile viungo. Foto ile na nyingine zilionyeshwa makanisani Uingereza na Marekani, na zilisaidia sana kuuvunja utawala ule. Nani atathubutu kusema foto ile ilikuwa dhambi? Tena angalieni jambo moja. Tunaweza leo kuandika jina la Nsala na jina la Boali kwa sababu mwanamke yule aliuliza akaandika. Angepiga foto tu bila kuuliza, tungekuwa na Mwafrika mwenye huzuni, basi.

Hapa tumefika mahali tulipotaka. Aparei ya Gardner iliondoa jina la mtu, aparei ya mama Harris ilileta jina. Chombo ni kimoja. Kwa hiyo hatuwakatazi vijana kupiga foto za majiwe ya vita, iwe Ndola, iwe Dar es Salaam, iwe penye mto wetu. Tunawataka wafanye kwanza kazi iliyo ngumu kuliko kubonyeza. Wamwulize mtu akaaye pale. (Kwa daraja kuna sababu nyingine pia: kila mtu wa Kongo anajua kwamba kupiga foto ya daraja, kambi au kiwanja cha ndege bila ruhusa kunaweza kumletea taabu na askari, na kumkomboa kijana polisi kunakula makuta ya familia nzima.)

Sasa tuseme lile lililolileta swali, kwa kuwa wengi mmekwisha kulisikia nusu nusu, tena kwa chumvi.

Kijana mmoja wa kwaya alikwenda penye mto na wenzake. Alisimama karibu na daraja, mkono kwenye paji la uso kama jandarma anayesaluti, mwenzake akampiga foto. Akaituma kwenye kikundi cha simu cha kwaya na maneno machache ya kujisifu juu ya Katanga na wenyeji wake. Mama mmoja wa kusanyiko letu, mtu wa Kasai, aliiona katika simu ya binti yake. Hakusema kitu. Jumapili iliyofuata hakuja ibadani, wala ya pili. Tulipokwenda kumwona alituonyesha foto, akasema maneno yale aliyasikia mara ya kwanza Likasi mwaka 1992.

Walio wadogo huenda hawajui. Tangu Agosti 1992, na mwaka wote wa 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na miji mingine ya Katanga. Waliitwa bilulu, yaani wadudu. Nyumba zilichomwa na kunyang'anywa. Makumi ya maelfu walilala katika kituo cha gari moshi cha Likasi na katika shule, wiki baada ya wiki, miezi, wakingoja gari la kuwapeleka Kasai ambako wengine hawakuwahi kufika maishani. Njaa na surua ziliwaua wengi, watoto hasa. Mama yetu huyu alimzika mtoto wake wa miaka mitatu wakati ule. Anapopita kituo kile, alisema, anaona watu wanauza viazi na mikate, mahali hapo hapo.

Tulimwita kijana. Tulidhani atakuja na kiburi, lakini alikuja na jambo lake. Baba wa baba yake alikuwa jandarma. Alikwenda mwaka 1961 na hakurudi, wala hakuna kaburi. "Watu wa ONU wana majiwe yao," alituambia. "Babu yangu ana nini? Mimi nilisimama pale ili awe na mtu wa kusimama." Wazee wawili kati yetu waliinamisha vichwa, maana walifahamu.

Basi mkumbuke kitabu cha Yoshua, sura ya 22. Makabila yale mawili na nusu, yaliyokaa ng'ambo ya Yordani, yalijenga madhabahu kubwa penye mto. Makabila mengine yaliiona kwa mbali, yakadhani ni uasi, yakakusanyika kwenda kuwapiga ndugu zao. Lakini walimtuma kwanza Finehasi na wakubwa 10 kuuliza. Wakajibiwa kwamba madhabahu ile si ya kutolea sadaka, ni ya ushahidi tu, ili watoto wa ng'ambo ya pili wasije wakawaambia watoto wetu kwamba hawana sehemu. Jambo likaisha, bunduki za wakati ule zikarudi nyumbani. Jengo moja la ukumbusho, mto mmoja, ndugu pande mbili, na kila upande unasoma jiwe kwa hofu yake. Tungesema Biblia iliandikwa Lufira.

Tuliwaketisha wawili hao pamoja, nyumbani kwa mzee mmoja, si kanisani. Hatukutaka waongee mbele za watu. Kijana alimsalimu mama kama inavyompasa mtoto, akaketi chini. Mama alimwuliza neno moja tu: "Mwanangu, babu yako aliitwa nani?" Kijana alitaja jina la ukoo. Mama akasema, "Hilo ni jina lenu ninyi wote. Nauliza la kwake." Kijana hakulijua. Alikwenda penye mto kumsimamia mtu ambaye jina lake hakuliuliza.

Tunamlaumu? Tulimwambia kwamba maneno aliyoyaandika chini ya foto hayakuwa ya babu yake, yalikuwa maneno ya watu wanaotafuta vyeo, na kwamba maneno hayo hayo yalimlaza mama huyu kituoni na mtoto mgonjwa. Hapo tulisema kwa ukali. Akayafuta. Foto yenyewe mama hakutaka ifutwe. Alisema mwenye kufiwa asimnyime mwenzake.

Baada ya siku chache kijana alikwenda kwa bibi yake, ambaye ni mzee sana na yuko kijijini kando ya ziwa. Alikaa naye siku mbili. Bibi alimpa jina la kuzaliwa la yule marehemu, jina la ubatizo, jina la mama yake, na kwamba alikuwa mvuvi, mtu wa kucheka, ambaye alipokea buti kubwa mno kuliko miguu yake akazifungia kamba. Hakuna jiwe lililomweleza kijana hayo. Alipiga foto ya bibi akiwa ameketi na mikono juu ya magoti, akaandika yote nyuma yake kwa kalamu. Tumeiona. Kwa mawazo yetu hiyo ni foto bora ya vita vya Lufira kuliko ya daraja lolote.

Mama naye alileta jina la mtoto wake.

Majina hayo mawili tumeyaandika katika daftari moja, na hapo ugomvi mpya ukaanza, afadhali tuwaambie wazi. Kuna wazee wanaosema si haki jina la jandarma kukaa katika ukurasa mmoja na la mtoto aliyefukuzwa, maana jandarma alishika bunduki, na watu wa Kasai waliteswa hata katika siku za sesesheni, maelfu wakikaa kambini Elisabethville mwaka 1961. Wengine wanajibu kwamba mvuvi wa buti za kamba hakumfukuza mtu mwaka 1992, alikuwa amekufa miaka 31. Wengine wanataka madaftari mawili. Sisi mashemasi hatukubaliani wote. Tulimwuliza mama, akasema ukurasa ni mpana.

Daftari liko kwa katibu wa kusanyiko. Mwenye jina la mtu wake aliyekufa penye Lufira, Jadotville, Niemba au katika kituo cha Likasi, au mahali pengine popote pa vita vyetu, amwone katibu baada ya ibada ya Jumapili. Alete jina la kuzaliwa, si la ukoo tu, na jina la mama wa marehemu akilijua. Mwenye foto ailete pia, itanakiliwa na kurudishwa siku hiyo hiyo. Wale wazee wasioweza kutembea watufahamishe kwa watoto wao, nasi tutakuja nyumbani.